Unene wa Nywele Mbili

Shuleni
4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, ila sauti yangu bado ni ileile. Mwalimu wa fizikia anasema nikisoma kwa sauti darasani nasikika kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Zile kurasa nne za kitabu cha beringi mpya za feni lenu nimemaliza kuzitafsiri, zimo humu ndani. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza, ili zisomeke hata kwa macho yaliyojaa vumbi la matofali. Zimenichukua wiki mbili. Maneno mengine hayamo kabisa kwenye kamusi yangu, na lugha ya shule ina tabia mbaya: neno moja kama shati moja, linavaliwa na ndugu watatu. Mstari wa saba ulinisumbua kidogo lakini nimeuweka sawa.

Nimejifunza kitu ambacho hukuwahi kuniambia. Nilidhani mafuta kwenye beringi ni kama mafuta kwenye ngozi, ya kulainisha tu. Kumbe shafti inaelea! Ikisimama, uzito wake unayakamua mafuta yote kutoka chini yake na chuma kinalala juu ya chuma. Ikizunguka inayavuta tena, inajiingizia yenyewe, inapanda juu ya utando mwembamba kuliko unywele, na kuanzia hapo haigusi kitu. Lile feni lenu lote la tanuru, na uzito wake, limekaa juu ya kitu ambacho ukikipangusa kwa kidole hukioni. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatazama dirishani.

Ni kweli, Mjomba? Au nimetafsiri uongo?

Mpwa wako


Kiwandani
15 Februari

Marahaba mwanangu.

Kikohozi kipo, tumeshazoeana, kikichelewa naanza kukiulizia.

Karatasi zako zimefika na nimezibandika ukutani kando ya feni. Kila anayepita anasoma. Sindano unamkumbuka, mtia mafuta wetu, yule mwembamba aliyekuletea madaftari ulipofaulu. Alisimama mbele ya ukuta kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Akasema, "Huyu mtoto ana mwandiko wa benki. Kuanzia leo anaitwa Profesa." Nikamwambia huyo Profesa ukimuuliza jina lake anatazama viatu. Akasema, "Maprofesa wote ndivyo walivyo. Wanaojibu haraka ni madalali."

Ndiyo, shafti inaelea. Hukutafsiri uongo. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii na sijawahi kukiona kitu chenyewe kinachonilisha. Siku ukiona chuma kinang'aa mahali ambapo utando ulikuwa, ujue umeshachelewa.

Mstari wako wa saba tunaufuata kama sheria. Kabla ya kuwasha, Sindano analeta karatasi ya kibali, natia saini, anaitia mfukoni kama tiketi. Anasema sasa hata kwenda chooni ataniandikia maombi. Beringi mpya zinaingia mwanzo wa mwezi ujao.

Soma, mwanangu. Mama yako angekuwepo angetembea na barua yako mtaa mzima.

Mjomba wako


Shuleni
19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimekuandikia mara mbili sijapata jibu, na leo siwezi kusubiri zamu yako.

Asubuhi mwalimu alikuja na vioo viwili na kopo la asali. Akamimina asali katikati ya vioo, akatuita mmoja mmoja tubonyeze. Mwanzoni inatoka haraka. Halafu inakuwa ngumu. Halafu unabonyeza kwa uzito wako wote na haiendi popote. Alisema ukitaka kuendelea kuikamua kwa kasi ileile, kila unapoupunguza unene wake kwa nusu, ukaidi wake unaongezeka mara nane. Ndiyo maana kitu chembamba hivyo kinaweza kubeba kitu kizito hivyo, kwa sababu hakipati njia ya kukimbia haraka. Lakini lazima kwanza kiwe na mahali pa kukaa. Alichukua vioo vingine vikavu, akavikaza kwa klempu, kibanio cha chuma, akamimina asali pembeni. Haikuingia. "Hapa hakuna ukaidi wowote," akasema. "Hapa ni kioo kwa kioo." Halafu akaandika ubaoni jina la ile nafasi inayoachwa katikati, kwa lugha ya shule.

Mjomba, ni neno la mstari wa saba.

Nilikwenda maktaba kwenye kamusi kubwa. Maana ya kwanza: ruhusa, kibali. Nikashuka, nikashuka, maana ya nne: nafasi iliyoachwa wazi kati ya vipande viwili vya mashine. Kitabu chenu hakisemi "Hakikisha kibali kabla ya kuwasha." Kinasema "Pima nafasi kabla ya kuwasha." Na mstari unaofuata unaotaja unene wa nywele mbili, ambao mimi niliuandika peke yake kama vile umedondoka kutoka mahali pengine, ndio kipimo chake.

Sasa nakiri. Nilijua sentensi ile ilikaa vibaya. Nilikwenda hadi mlango wa ofisi ya walimu, nikainua mkono nibishe, nikasikia wanacheka ndani. Nikaushusha mkono. Nikarudi bwenini nikaandika "kibali" kwa herufi nzuri kuliko zote kwenye ukurasa ule.

Tafadhali kaubandue ukurasa huo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Mpwa wako


Kiwandani
2 Aprili

Mwanangu,

Karatasi haipo ukutani tena. Usiwe na wasiwasi.

Feni linazunguka. Sindano amepumzika kidogo, anakusalimu. Wewe kazana na mtihani. Mambo ya beringi niachie mimi, ndiyo kazi yangu, wewe yako ni vitabu.

Mjomba wako


Nyumbani
11 Mei

Profesa,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupo.

Mjomba wako atakuwa ameshakueleza, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Tarehe tatu Machi beringi mpya zilifungwa. Tukawasha saa nne asubuhi. Dakika ya kumi na mbili nikasikia inalia. Nikasogea kuigusa kwa kiganja. Sisi watia mafuta tunapima joto hivyo, kama mama na mtoto wake. Shafti ikakwama. Boliti za kiungo zikakatika, kifuniko kikaruka. Mjomba wako ndiye aliyenifunga kwa shati lake. Bila yeye nisingekuwa naandika hata kwa mkono huu mpumbavu.

Sasa shida yangu. Kamati ya uchunguzi ya kiwanda inasema niliwasha bila kufuata kitabu. Mimi nasema nilifuata. Karatasi ya ukutani ilisema kibali, nikaomba kibali, kikatiwa saini. Kibali chenyewe kilikuwa mfukoni, na nguo zangu hospitali walizikata wakazitupa. Karatasi ya ukutani nayo haipo. Wananiuliza, karatasi gani? Mjomba wako alipoulizwa alisema hakumbuki vizuri. Ni mshtuko, simlaumu. Wengine wanaogopa kufukuzwa.

Mkono umekwenda, basi. Lakini nimeambiwa mwongo, na nimefukuzwa kama mwongo. Mke wangu ananipa chakula na kunitazama kama mtu anayemtazama mlevi akiapa kwamba hajanywa.

Wewe ndiye uliyeandika. Una nakala? Nataka tu waone kwamba iliandikwa kibali, na kwamba mimi nilikuwa nacho.

Sindano


Shuleni
17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa hivyo, na aliyenilea ni wewe.

Sindano ameniandikia. Barua yake ina herufi zinazoanguka upande mmoja kama uzio mbovu, na mwanzoni nilidhani ni ya mtoto.

Tarehe tatu Machi! Wewe uliniambia amepumzika. Uliniambia ananisalimu. Mimi hapa nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki kabla ya likizo, namwandalia mzaha wa kumjibu.

Na hajui, Mjomba. Hilo ndilo linanizuia kula. Anadhani karatasi yangu ilikuwa sahihi. Ananiomba ushahidi kwamba alitii, na ushahidi wenyewe ni kosa langu. Kwenye barua yake ameniita Profesa.

Nakala ninayo. Kila ninachotafsiri nakianza kwenye daftari la fizikia, ukurasa wa nyuma. Neno kibali nimelipigia mstari mara mbili, nadhani nilikuwa nalifurahia.

Nenda kwenye kamati. Waambie karatasi ilikuwepo, imeandikwa nini na nani. Nitaje jina langu, sijali, au najali lakini nitaje. Ikifika tarehe kumi Juni bila kusikia kwamba umekwenda, nitamtumia nakala mimi mwenyewe.

Mpwa wako


Kiwandani
28 Mei

Mwanangu,

Tulia. Nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza.

Karatasi ile niliibandua kwa ajili yako. Unajua wakisikia ni wewe itakuwaje? Watakuja hapo shuleni. Watakuita ofisini, wewe ambaye ukiitwa tu jina unatetemeka. Wataandika jina lako kwenye jalada, na jalada halina huruma, halifi, halisahau. Kesho ukitaka chuo, keshokutwa ukitaka kazi, lipo.

Hiyo ni kwako. Kwangu mimi ni saini yangu. Wataniuliza kwa nini fundi mkuu alibandika ukutani kazi ya mwanafunzi. Nikiondolewa hapa, huko unakosoma nani atakutazama?

Sindano namtembelea kila Jumapili. Namkata kucha. Hilo hakukuandikia. Namtazama nikiwa nimeshika vile vidole vitano, kwa hiyo usidhani nalala usingizi mzuri kuliko wewe.

Nimekulea tangu una miaka mitano na sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Mkono hauoti tena kwa sababu ya karatasi.

Mjomba wako


Shuleni
10 Juni

Mzee Sindano, shikamoo.

Nakala uliyoomba nimeikata kutoka kwenye daftari langu, imo humu. Tarehe ipo juu. Mstari wa saba unasema ulichosema. Wewe si mwongo.

Sasa ni zamu yangu, na ninaandika haraka kwa sababu nikisimama sitaendelea. Mstari huo si sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Kitabu kilisema ipimwe nafasi kati ya shafti na beringi, ile ambayo mafuta yanakaa. Ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, mafuta hayapati mahali, chuma kinakula chuma. Neno moja lina maana zote mbili, nafasi na kibali, na mimi nikachukua ile iliyokuwa karibu. Ulipewa kibali cha kuwasha kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Nilikuwa na mtu wa kumuuliza, hatua tatu kutoka niliposimama. Nikaona haya. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta.

Sijui mtu anaombaje msamaha wa mkono. Usiniite Profesa tena.

Mpwa wa fundi


Nyumbani
4 Julai

Mtoto wa dada wa fundi,

Hilo jina ni refu kwa mkono wa kushoto lakini umeniambia nisikuite lile lingine.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuchukia, nakwambia ukweli. Mara ya pili nikamwita mke wangu asome. Alikaa chini polepole, akalia, akaniomba radhi. Mara ya tatu nilisoma peke yangu nikaona imeandikwa na mtoto.

Kamati imepokea nakala. Safari hii walikuwa na mhandisi wa kutoka nje. Akamgeukia mjomba wako: "Karatasi hii ilikuwepo?" Akajibu ilikuwepo. "Na wewe ulifuata?" Akajibu, "Lugha ile siijui. Mtoto alikosea, nami nilimwamini."

Basi wakaandika. Kosa ni la mwanafunzi, si la mtu yeyote wa kiwandani. Mimi si mwongo tena. Ila pia si mfanyakazi, kwa sababu kiwanda hakina kosa, na mtu asiye na mkono hatii mafuta. Jalada linafungwa mwisho wa Agosti kama hakuna jipya.

Kuna jambo linaniwasha, na mkono wa kujikuna sina. Mimi kazi yangu ni mafuta. Kifuniko kikifunguliwa, hayo ni ya mafundi, nakaa pembeni. Lakini miaka ya nyuma, beringi zilipokuwa zikibadilishwa, nilimwona mjomba wako akilaza vipande vya waya ndani yake. Waya laini, wa kijivu. Anafunga, anafungua, anautazama. Safari hii hakufanya. Sijui ulikuwa wa nini. Nikimuuliza Jumapili anaanza habari za mpira. Muulize wewe.

Sindano


Shuleni
9 Julai

Mjomba, shikamoo.

Waya wa kijivu ulikuwa wa nini?

Mpwa wako


Kiwandani
30 Julai

Mwanangu,

Swali lako lina maneno sita na nimekaa nalo wiki tatu.

Ni waya wa madini ya risasi. Unakata vipande vifupi, unavilaza juu ya shafti, unafunga kifuniko, unakaza boliti, halafu unafungua tena. Waya umebonyea. Unaupima, na unene uliobaki ndio unene wa nafasi. Nywele mbili, sawa. Ikipungua, unaikwangua beringi na kuanza upya. Sikufundishwa na kitabu. Alinifundisha fundi aliyenitangulia, kwa makofi.

Kwa hiyo niliposoma mstari wako wa saba nilijua umekosea. Nilijua palepale, karatasi ikiwa bado mkononi. Nikacheka. Nikasema nitamwandikia Profesa nimtanie. Halafu nikaibandika hivyohivyo, Sindano akaanza mzaha wake wa vibali, nami nikawa natia saini, tunacheka wote. Nilijua siku ya beringi mpya nitapima mwenyewe.

Siku ikafika. Meneja alisimama mlangoni anatazama saa, tanuru limejaa matofali mabichi. Kupima ni asubuhi nzima. Nikatazama ukutani, karatasi inasema kibali. Kibali ni saini tu. Nikajiambia, likitokea la kutokea, karatasi ndiyo iliyosema. Sindano akanyoosha mkono na kikaratasi chake. Nikatia.

Niliibandua walipokuwa wanambeba, damu yake ikiwa bado kwenye vidole vyangu. Haikuwa kwa ajili yako. Fundi yeyote akiuona mstari ule angeniuliza mimi, si wewe. Na mbele ya kamati nilikutaja kwa sababu wewe ni mtoto, hakuna watakalokufanya. Mimi wangenifanya. Nilipima hilo vizuri kabisa, mwanangu, nimekaa, nimetulia, nikinywa chai yao.

Siombi unisamehe. Nimeona tu usiendelee kubeba kitu ambacho sehemu yake kubwa ni yangu. Ukimaliza kusoma, ichome.

Mjomba wako


Shuleni
6 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako bwenini nikiwa nimesimama, wenzangu wako uwanjani. Nilikuwa nikidhani siku nikijua si peke yangu nitapumua. Nilipumua mara moja, kisha nikaona aibu. Kosa langu bado lipo palepale. Mlangoni kwa walimu nilirudi mimi, hukunirudisha wewe.

Ila uliniacha nilie miezi mitatu, na ulikuwa unajua.

Likizo inaanza baada ya wiki mbili. Sijui nitakwenda wapi. Nguo zangu nyingine zote ziko kwako, na picha ya mama, na kitanda nilichokulia. Nimejaribu kufikiria mtu mwingine yeyote duniani ambaye ningeweza kumwandikia neno "nyumbani" juu ya bahasha. Hayupo. Nataka ujue kwamba nilifikiria hilo kabla, si baada.

Jana nilinyoosha mkono katikati ya somo nikamwomba mwalimu anisindikize posta. Niliomba kwa sauti, darasa zima likageuka. Barua yako nimemtumia Sindano, itamfikia kabla jalada halijafungwa. Sikuongeza kitu wala sikupunguza, na sikumweleza neno lolote maana yake. Umeiandika mwenyewe, kwa lugha ambayo wote hapo kiwandani mnaielewa.

Mpwa wako